Ulanguzi wa Majina na Mizani Iliyoinama

Jina ni mali. Fundi ambaye kazi yake imesifiwa mtaani kwa miaka 20, shule ambayo wanafunzi wake wamefaulu kizazi baada ya kizazi, chama cha ushirika ambacho kahawa yake inaaminiwa na wanunuzi wa mbali, wote wanamiliki kitu kisichoshikika kwa mkono lakini kilichogharimu jasho jingi. Mtu akilitwaa jina hilo kwa hila, ameiba jasho hilo. Juu ya jambo hili hapana ubishi.

Ubishi upo mahali pengine, napo ni mahali ambapo watumishi wa umma na walimu hawana budi kupatazama kwa makini. Katika intaneti, ambako siku hizi shughuli za serikali, masomo na biashara zinapita kila saa, ni jina la nani linalolindwa lisiibwe? Majibu ya kisheria yapo, tena ni marefu. Lakini ukiyachuja yote, kinachobaki chini ya chujio ni kimoja: hulindwa kwanza jina la mwenye alama ya biashara na mwenye fedha ya kuwalipa mawakili. Taifa, mto, lugha ya watu na mwananchi wa kawaida wamewekwa nyuma ya foleni, na wengine hawamo kwenye foleni kabisa.

Ili jambo hili lieleweke, yafaa kwanza kueleza majina hayo ni nini. Kila mtambo unaotoa habari kwenye intaneti hutambulika kwa tarakimu. Kwa kuwa binadamu hawezi kukariri tarakimu hizo, ulitengenezwa utaratibu wa kuziandikia majina, mfano wa daftari la simu. Jina hilo, ambalo huishia kwa herufi kama com, org au tz, huitwa jina la kikoa. Atakaye kulitumia hulisajili kwa msajili, hulipa ada, na kulihuisha muda unapokwisha.

Sifa kubwa ya jina la kikoa ni kwamba haliwezi kuwa na wenyewe wawili. Dar es Salaam panaweza kuwa na Juma muuza viatu na Juma muuza vyuma, na Arusha pakawa na Juma mwingine mwenye duka la dawa, na sheria ya alama za biashara ikawaacha wote watatu wafanye kazi kwa amani. Sheria hiyo hutazama aina ya bidhaa, tena hutazama mipaka ya nchi. Hata ndani ya Jamhuri ya Muungano, alama iliyosajiliwa Tanzania Bara haipati ulinzi Zanzibar mpaka isajiliwe na huko, maana kila upande una sheria yake na daftari lake. Lakini chini ya com Juma ni mmoja tu duniani, naye ni yule aliyetangulia kulipa. Sheria yenye mipaka imekutana na daftari lisilo na mipaka. Hapo ndipo mlanguzi alipopata upenyo.

WALANGUZI WA MWANZO

Mpaka Septemba 1995 kusajili jina chini ya com hakukuwa na malipo. Baada ya hapo ada ikawa dola 100 kwa miaka miwili. Msajili hakumwuliza mtu yeyote kama jina analolitaka ni lake. Kanuni ilikuwa aliyewahi ndiye apate.

Mwaka 1994 mwandishi wa habari wa Marekani, Joshua Quittner, alitaka kuonyesha jinsi kampuni kubwa zilivyokuwa zimelala. Akasajili mcdonalds.com, jina la kampuni ya vyakula inayojulikana dunia nzima, akatangaza hadharani kwamba amelipata. Alilirudisha baada ya kampuni hiyo kutoa dola 3,500 kwa ajili ya vifaa vya kompyuta vya shule moja ya New York. Yeye alikuwa akifundisha somo. Waliomfuata hawakuwa na somo la kufundisha.

Dennis Toeppen wa Illinois alisajili majina zaidi ya 100, mengi yakiwa ya kampuni mashuhuri. Mojawapo lilikuwa panavision.com, jina la kampuni ya kamera za filamu. Kampuni hiyo ilipolitaka jina lake, Toeppen alidai dola 13,000. Katika tovuti yenyewe alikuwa ameweka picha za mji mdogo uitwao Pana zilizopigwa kutoka angani, kana kwamba jina lote lilihusu mji huo. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa ya Marekani ilikataa kisingizio hicho na kusema kwamba biashara yake ilikuwa kuwauzia watu majina yao wenyewe.

Mwaka huo huo Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua shauri la watu waliosajili majina kama marksandspencer.com na kuyauza. Ushahidi ulionyesha kwamba waliwahi kuiandikia kampuni ya Burger King wakiitaka ilipe pauni 25,000 ili ipate jina lililokuwa lake. Majaji walisema jina la namna hiyo likiwa mikononi mwa mtu asiyehusika ni chombo cha udanganyifu, hata kabla hajaanza kulitumia.

Lazima ieleweke wazi kwamba watu hawa hawakuwa mashujaa wa wanyonge. Mlanguzi wa majina hana tofauti na mlanguzi wa sukari. Halimi, hasindiki, hasafirishi. Anachofanya ni kuwahi kufunga mlango wa ghala, kisha kusimama mbele yake na ufunguo mkononi akingoja mwenye njaa. Kuna walioanza kumsifu ati alikuwa akiwatoza matajiri. Sifa hizo ni za kupotosha, kwa sababu mlanguzi huyo huyo hamwachi mwenye duka dogo, wala shule, wala hospitali ya umma.

SHERIA YA MWAKA 1999

Mwaka 1999 wenye alama za biashara walipata walichokuwa wakikidai. Novemba mwaka huo Marekani ilipitisha sheria ya kupambana na ulanguzi huo, ikaipa mahakama uwezo wa kumtoza mkosaji kuanzia dola 1,000 hadi dola 100,000 kwa kila jina. Kabla yake, shirika la ICANN, lililoundwa California mwaka 1998 kusimamia majina ya intaneti, lilikuwa limepitisha utaratibu wa usuluhishi unaomfunga kila anayesajili jina chini ya com na vikoa vingine vya jumla, awe Chicago au Sumbawanga.

Chini ya utaratibu huo, mlalamikaji hana budi kuthibitisha mambo matatu kwa pamoja. La kwanza, kwamba jina linafanana na alama ya biashara ambayo ana haki nayo. La pili, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali katika jina hilo. La tatu, kwamba lilisajiliwa na linatumika kwa nia mbaya. Akiyathibitisha yote, jina hufutwa au huhamishiwa kwake. Fidia haitolewi.

Shauri la kwanza lilifunguliwa Desemba 1999 mbele ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, lenye makao yake Geneva. Lilihusu jina worldwrestlingfederation.com, ambalo mkazi mmoja wa Marekani alilisajili na siku tatu baadaye akaiandikia kampuni ya mieleka akitaka dola 1,000. Tarehe 14 Januari 2000 uamuzi ulitoka, na jina likaamriwa lihamishwe. Kwa mtu aliyezoea kesi za miaka mitano, kasi hiyo ni ya kustaajabisha. Tangu hapo mashauri yameongezeka hata mwaka 2023 WIPO peke yake ikapokea zaidi ya 6,000.

Haki itendeke hata kwa mpinzani: utaratibu huo umefanya kazi nzuri. Umewanyang'anya matapeli maelfu ya majina, yakiwamo yaliyotumika kuwalaghai watu wa kawaida walioamini kwamba wanazungumza na benki yao. Hapana mwenye akili timamu anayetaka ufutwe. Linalodaiwa ni kuangalia mizani yenyewe imening'inizwaje.

MIZANI ILIYOINAMA

Tazama kwanza ni nani anayechagua mahali pa kusikilizia shauri. Ni mlalamikaji. Yeye huchagua ni taasisi ipi, kati ya zile zilizoidhinishwa na ICANN, itakayoteua mwamuzi, naye ndiye mteja anayelipa. Ada ya WIPO kwa mwamuzi mmoja ni dola 1,500. Taasisi inayopata mapato yake kwa kuletewa mashauri ina sababu gani ya kuwaudhi wanaoyaleta? Mwaka 2001 Profesa Michael Geist wa Chuo Kikuu cha Ottawa, Kanada, alichunguza mashauri ya miaka ya mwanzo akakuta kwamba penye mwamuzi mmoja walalamikaji walishinda katika asilimia 83 ya mashauri, na penye waamuzi watatu, ambapo mlalamikiwa naye ana sauti katika uteuzi, walishinda asilimia 60. Pengo hilo si dogo, na hata wakiondolewa walalamikiwa wasiojibu kabisa, swali linabaki.

Tazama tena hali ya mlalamikiwa. Ana siku 20 za kujibu. Shauri huendeshwa kwa lugha ya mkataba wa usajili, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Akishindwa, ana siku 10 za kazi kwenda mahakamani, na mahakama yenyewe huenda ikawa ya nchi alikosajiliwa msajili wake. Kampuni yenye idara ya sheria itazitumia siku 20 kunywa chai na kupanga hoja. Mwenye kiwanda kidogo cha useremala atazitumia kutafuta mtu wa kumweleza barua ile inasema nini.

Na endapo kampuni kubwa itabainika kwamba imelitumia shauri kama rungu la kumpora mtu jina lake halali, adhabu yake ni nini? Waamuzi wataandika katika uamuzi wao kwamba shauri lililetwa kwa nia mbaya. Baada ya kuandika, kila mtu atakwenda zake. Hakuna faini hata senti moja. Mlanguzi mdogo akikosea hupoteza jina, na chini ya sheria ya Marekani anaweza kutozwa mpaka dola 100,000. Mporaji mkubwa akikosea hukemewa kwa aya moja.

Shauri la Uzi Nissan linatosha kuwa ushahidi wa mateso yanayoweza kumpata mtu asiye mlanguzi. Mtu huyu, mzaliwa wa Jerusalem aliyehamia Marekani, alikuwa akilitumia jina la ukoo wake katika biashara tangu mwaka 1980, wakati magari ya kampuni ya Japani yalikuwa bado yakiuzwa Marekani kwa jina la Datsun. Mwaka 1994 alisajili nissan.com kwa ajili ya duka lake la kompyuta. Desemba 1999 kampuni ya magari ilimshtaki ikidai dola milioni 10. Shauri lilidumu karibu miaka minane. Mwisho wake jina lilibaki kwake, na mpaka alipofariki mwaka 2020 lilikuwa bado mkononi mwake. Wapo watakaosema kwamba basi haki ilitendeka. Wajiulize ni watu wangapi wenye duka dogo wanaoweza kusimama kizimbani miaka minane kutetea jina walilopewa na baba yao. Wengi hulitoa jina siku wanapopokea barua ya kwanza ya wakili, na mashauri yao hayaandikwi popote.

MATAIFA NYUMA YA FOLENI

Kama mtu binafsi huminywa kiasi hicho, ingetarajiwa kwamba taifa huru litapata heshima zaidi. Mambo sivyo yalivyo.

Mwaka 2000 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba itadai jina southafrica.com, ambalo lilikuwa mikononi mwa kampuni ya Virtual Countries ya Seattle. Kampuni hiyo ilikimbilia mahakama ya New York kuishtaki serikali hiyo. Shauri lilitupwa mwaka 2001, na rufaa mwaka 2002, kwa sababu nchi huru haishtakiwi katika mahakama ya nchi nyingine kwa jambo la namna ile. Lakini jina lenyewe halikurudi Pretoria.

New Zealand ilipeleka shauri lake WIPO dhidi ya kampuni hiyo hiyo. Mwaka 2002 iliambiwa kwamba jina la nchi yake si alama ya biashara, na juu yake ikakaripiwa kwa kuleta shauri lile. Mwaka uliofuata serikali ya New Zealand ikalinunua jina la nchi yake yenyewe kwa dola milioni 1 za huko. Aliyelipa ni mlipa kodi.

Mji wa Barcelona ulionekana kuwa na bahati zaidi. Kwa kuwa halmashauri yake ilikuwa na alama za biashara zenye neno hilo, mwaka 2000 WIPO iliipa barcelona.com. Wenye kampuni iliyolishikilia jina wakaenda mahakamani Marekani, na mwaka 2003 mahakama ya rufaa ikawarudishia, ikisema kwamba kwa sheria ya Marekani jina tupu la mahali haliwezi kuwa alama ya biashara ya mtu mmoja.

Basi na iwe hivyo kwa wote. Lakini haikuwa hivyo. Mwaka 2012 ICANN ilifungua mlango wa maombi ya vikoa vipya vya ngazi ya juu, kwa ada ya dola 185,000 kila ombi. Kanuni zake zililinda majina ya nchi yaliyomo katika orodha rasmi. Mito na milima haikuwamo. Kampuni ya Amazon, iliyoanzishwa mwaka 1994 na kujipa jina la mto mkubwa wa Amerika Kusini, iliomba kikoa chenye jina hilo. Brazil na Peru zilipinga, zikaungwa mkono na nchi nyingine za bonde la mto huo. Mwaka 2014 ombi likakataliwa. Kampuni haikukata tamaa. Mwaka 2017 jopo la mapitio liliona kwamba kukataliwa kule hakukuwa na sababu za kutosha, na mwaka 2019 kikoa kikakabidhiwa kwa kampuni. Mawakili wataeleza kwa ufasaha kwa nini mji hauwezi kumiliki jina la mahali na kampuni inaweza kumiliki jina la mto. Watu wanaokunywa maji ya mto huo watayasikiliza maelezo hayo bila kuyaelewa, wala kosa halitakuwa lao.

Afrika nayo ilionja. Kikoa cha africa kiliombwa na shirika la usajili la Afrika Kusini lililopewa baraka na Umoja wa Afrika, na wakati huo huo kikaombwa na shirika jingine la binafsi. ICANN ilitia saini mkataba na lile la kwanza Machi 2014. Shirika la pili lilikwenda kwenye jopo la mapitio, na mwaka 2015 jopo likasema kwamba ICANN haikufuata kanuni zake yenyewe. Kisha mambo yakahamia mahakamani California. Jina la bara lenye nchi zaidi ya 50 likasubiri amri ya hakimu wa Los Angeles mpaka Februari 2017, kikoa kilipowashwa. Swali hapa si nani kati ya wawili hao alikuwa na haki zaidi. Swali ni kwa nini meza ya kuliamulia jambo hilo ilikuwa Los Angeles, si Addis Ababa.

Wasemao Kiswahili wasidhani kwamba wao wako pembeni. Kampuni ya Disney iliomba mwaka 1994, na kupewa Marekani mwaka 2003, alama ya biashara ya maneno "Hakuna Matata" kwa ajili ya mavazi. Mwaka 2018 watu wengi walipogundua walikasirika, wakatia saini malalamiko. Ni kweli kwamba alama hiyo haimzuii mtu kuyatamka maneno hayo Mombasa au Morogoro. Lakini msomaji arudi kwenye yale mambo matatu ya usuluhishi. La kwanza ni kuwa na alama ya biashara. Kampuni ya California yenye cheti cha fulana imekwisha kuvuka mlango huo wa kwanza. Mamilioni waliozaliwa wakiyasema maneno hayo hawana cheti, na kwa hiyo mbele ya waamuzi hawa hawana pa kuanzia.

Wala haisemwi kwamba dunia haikujua kasoro hii. WIPO yenyewe iliichunguza, na mwaka 2002 nchi wanachama zilipendekeza kwamba majina ya nchi yaongezwe katika utaratibu wa usuluhishi, yalindwe kama alama za biashara zinavyolindwa. Marekani, Kanada na Australia zilijitenga na pendekezo hilo. Likapelekwa ICANN. Zaidi ya miaka 20 imepita na majina ya nchi hayajaongezwa. Mwaka 1999 wenye alama za biashara walilia, wakahudumiwa mwaka huo huo. Mataifa yalilia mwaka 2002, na mpaka leo yameambiwa yasubiri.

HOJA ZA WATETEZI

Wapo watakaosema kwamba aliyewahi ndiye mwenye haki, na kwamba serikali zilizolala zisilaumu mtu. Hoja hii ina kasoro mbili. Kwanza, mwaka 1995 sehemu kubwa ya Afrika haikuwa imeunganishwa na intaneti. Kumlaumu mtu kwa kuchelewa sokoni ambako barabara haijafika kwao ni kumdhihaki. Pili, kampuni kubwa nazo zililala, kama Quittner alivyoonyesha, na sheria ikatungwa kuziamsha na kuzirudishia mali yao. Kama usingizi wa tajiri unasamehewa, usingizi wa maskini kwa nini uwe kosa?

Wapo pia watakaosema kwamba ukilinda jina la kila mto na kila mlima, hapatabaki neno la kufanyia biashara. Hilo ni kutia chumvi. Hakuna anayedai kwamba mwenye hoteli asiandike Kilimanjaro kwenye ubao wake. Kinachodaiwa ni kwamba daftari la dunia lisimpe mmoja jina la wote bila kuwauliza wenyewe. ICANN ilipanga duru nyingine ya maombi kuanzia Aprili 2026, kwa ada ya dola 227,000 kila ombi. Ada hiyo ni ndogo kwa kampuni ya kimataifa, na kwa halmashauri ya wilaya yenye mlima au ziwa ndani yake ni ndoto.

Sheria nzuri inaweza kuandikwa. Kenya, katika sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018, kifungu cha 28, haikuishia kwenye alama ya biashara. Ilitaja jina, jina la biashara, jina la kikoa au neno lolote linalomilikiwa au kutumiwa na mtu mwingine, ikaweka faini isiyozidi shilingi 200,000 za Kenya, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sheria hiyo ina mabishano yake, na neno pana katika sheria ya jinai lahitaji mahakimu makini. Hata hivyo imethibitisha jambo moja: si lazima kila mlango wa haki ya jina ufunguliwe kwa ufunguo wa alama ya biashara. Tanzania ina Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, iliyotungwa kabla intaneti haijafika kwa wananchi. Watunga sheria wana kazi ya kufanya.

WAJIBU WA MTUMISHI NA MWALIMU

Lakini sheria haitoshi, na hapa lawama haziwezi kupelekwa Geneva wala California. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Majina mangapi ya taasisi za umma yameachwa bila daftari?

Nchi hii ina mwisho wake wa tz. Ndani yake kuna go.tz kwa ajili ya taasisi za serikali, ac.tz kwa ajili ya vyuo, na sc.tz kwa ajili ya shule. Faida ya utaratibu huo ni kwamba mlanguzi wa mbali hawezi kuamka asubuhi akajinunulia jina la wizara chini ya go.tz kama anunuavyo chini ya com. Huo ndio ukuta ambao mataifa yaliyoteseka kwa southafrica.com na newzealand.com hayakuwa nao chini ya com. Ukuta upo, lakini wapo wanaoukwepa kwa hiari yao.

Afisa anayeandika barua ya serikali kwa anwani ya barua pepe ya bure ya kampuni ya kigeni amewafundisha wananchi jambo la hatari. Amewafundisha kwamba anwani yoyote yaweza kuwa ya serikali. Baada ya somo hilo, tapeli akifungua anwani ya namna ile ile na kutangaza nafasi za kazi ambazo hazipo, mwananchi atajuaje? Mwalimu anayewaelekeza wanafunzi kutafuta matokeo ya mtihani bila kuwaambia kwamba anwani ya Baraza la Mitihani huishia kwa go.tz amewaacha njiani usiku bila taa. Na mkuu wa taasisi anayemwachia fundi wa nje asajili jina la taasisi kwa jina lake binafsi amempa mtu mmoja ufunguo wa ofisi nzima. Siku wakikosana, taasisi itakuwa mpangaji katika nyumba yake yenyewe.

Hatua zinazotakiwa si ngumu. Kila taasisi ya umma iwe na orodha ya majina yake ya vikoa, ikionyesha nani amesajiliwa kuwa mwenyewe, msajili ni nani na tarehe ya kuhuisha ni lini. Orodha hiyo ikaguliwe kama yanavyokaguliwa magari na majengo, kwa kuwa jina lililokwisha muda wake bila kuhuishwa laweza kuchukuliwa na yeyote. Majina yasajiliwe kwa jina la taasisi, si la mtu. Mawasiliano ya kikazi yapite kwenye anwani za kikazi. Vyama vya ushirika na viwanda vidogo vishauriwe kusajili alama zao na vikoa vyao kwa pamoja, Bara na Zanzibar, kabla sifa yao haijawavutia walanguzi. Walimu wafundishe kusoma anwani ya intaneti kutoka mwisho wake, kama wanavyofundisha kusoma ramani.

Na katika vikao vya kimataifa, wajumbe wa Afrika wasikubali tena kwamba pendekezo la mwaka 2002 lizikwe kimya kimya. Walidai kila mwaka, kwa lugha isiyo na kigugumizi, mpaka jina la taifa lipate walau heshima ile ambayo jina la kiwanda cha soda lilipewa zamani.

Mlanguzi wa majina ni mwizi, na sheria iliyomkamata ni sheria ya haki. Lakini sheria inayomkamata anayemwibia tajiri na kumwacha anayeliibia taifa ni nusu ya sheria. Nusu iliyobaki haitaandikwa na wale ambao majina yao yamekwisha kulindwa.